NENO "JIMAMA" LIMETOKA WAPI?

Safari hii hatuandiki juu ya mbolea wala juu ya choo bora. Tunaandika juu ya neno moja tu. Neno lenyewe ni JIMAMA.

Neno hili mnalijua. Mnalisikia mnadani, kisimani, kwenye mashine ya kusaga na ndani ya basi. Akipita mwanamke mwenye mwili mkubwa sana, hakosi mtu wa kusema, "Aisee, jimama hilo!" Wengine watacheka. Mwenyewe ataendelea na safari yake kama hakusikia. Lakini amesikia.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika darasa moja la kisomo huku Issenye, wilaya ya Serengeti, alikuwapo mama mmoja mwenye mwili mkubwa. Mama huyu alikuwa hakosi kipindi. Siku moja alichelewa kwa ajili ya palizi. Alipofika mlangoni, kijana mmoja akasema, "Jimama limekuja! Lipisheni, benchi litavunjika." Darasa zima likacheka. Na sisi tuliokuwa tunafundisha hatukusema kitu. Tulidhani ni utani, utapita. Kumbe haukupita. Mama yule hakuonekana tena kwa wiki tatu.

Tulikwenda nyumbani kwake. Tulimkuta anaanika muhogo. Tulimwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, kisha akasema:

"Mwalimu, kwamba mimi ni mnene najua. Kioo ninacho. Lakini ninyi mlitufundisha: mtu amekuja, watu wamekuja. Gari limekuja, magari yamekuja. Sasa mimi ni mtu au ni gari?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tulirudi tukaanza kulitafuta. Makala hii ni jibu letu kwake, na kwa kila aliyecheka siku ile, sisi tukiwamo.

NENO LENYEWE LIMEJENGWAJE?

Jimama ni vipande viwili: JI na MAMA. Mama tunamjua. Hebu tuiangalie hiyo "ji".

Katika Kiswahili, kipande "ji" kinafanya kitu kiwe kikubwa. Angalia mifano hii:

Mtu – jitu.
Mji – jiji.
Mbwa – jibwa.
Baba – jibaba.
Mama – jimama.

Mara nyingine "ji" inakutana na herufi kama a, o au u. Hapo inabaki "j" peke yake:

Nyumba – jumba.
Nyoka – joka.

Na kama neno ni refu kidogo, "ji" haionekani kabisa. Tunaondoa tu kile kipande cha mbele:

Kikapu – kapu.
Mfuko – fuko.
Ng'ombe – gombe.
Ndege – dege.
Kipande – pande.

Wakiwa wengi tunaweka "ma": majitu, majumba, makapu, majimama. Na mtu akitaka kuzidisha, iwe kwa ukubwa au kwa dharau, anaweka "mi": mijitu, mijumba, mijimama.

Upande wa pili kuna kipande "ki". Hicho kinafanya kitu kiwe kidogo. Mtoto mdogo sana ni kitoto. Mlima mdogo ni kilima. Na hapa kuna mfano mmoja mzuri kwetu sisi watu wa vijijini. Neno KIJIJI maana yake ni mji mdogo. Mji ukiwa mkubwa sana ni JIJI. Kwa hiyo kijiji, mji na jiji ni maneno ya ukoo mmoja, kama mtoto, mzazi na babu.

Basi hapo tumepata jibu la kwanza. Jimama maana yake ni mama mkubwa kwa umbo. Neno halikutoka Ulaya wala Uarabuni. Limejengwa kwa matofali yetu wenyewe ya Kiswahili.

MBONA HATUSEMI "MAMA MKUBWA"?

Hapo mtu atauliza: kwani lazima ipatikane hiyo "ji"? Si tungesema tu "mama mkubwa"?

Haiwezekani. Mama mkubwa ni mtu mwingine. Ni dada mkubwa wa mama yako. Hata akiwa mwembamba kama ufito, bado ni mama mkubwa. Na mdogo wake mama ni mama mdogo, hata akijaza mlango. Vivyo hivyo mke mkubwa ni yule aliyeolewa kwanza, na mkubwa wa kazi ni kiongozi wa kazi.

Tunaona kwamba tukimtaja mtu, neno "mkubwa" lilikwisha kupewa kazi ya cheo na umri. Ni neno la heshima. Watu walipotaka kusema juu ya wingi wa mwili, neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Ndipo wakachukua "ji".

JE, "JI" NI TUSI?

Hapana, siyo kila mara. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Mwanza ilifanywa jiji mwaka 2000. Dodoma ilifanywa jiji mwaka 2018. Siku hizo hakuna aliyesema ametukanwa. Watu walishangilia. Mtu akikuambia, "Ndugu yangu, umejenga jumba!" utafurahi na utamkaribisha chai.

Kwa vitu, basi, "ji" ni sifa. Kitu kikubwa ni kizuri.

Lakini tukija kwa watu mambo yanageuka. Jitu siyo mtu mkubwa tu. Ndani ya hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu jioni, jitu ni lile linalokula watu. Jizi siyo mwizi mwenye mwili mkubwa. Ni mwizi aliyekubuhu. Zee au jizee siyo mzee mrefu. Ni mzee ambaye msemaji hamheshimu. Kwa hiyo "ji" ikiwekwa juu ya mtu, mara nyingi inabeba mizigo miwili kwa pamoja: mzigo wa ukubwa na mzigo wa dharau.

Tena ipo "ji" ya zamani iliyokaa kwa wanyama. Mbuzi anayezaa ni jike. Ng'ombe anayezaa ni jike. Neno jike limetoka katika "ji" na "ke", ile ile iliyomo katika mke, kike na mwanamke. Watu wa zamani walilitumia hata kwa binadamu, wakasema "janajike", yaani mwanamke mkubwa asiyependeza machoni pao. Mwana akawa jana, mke akawa jike. Mnaona? Mwanamke mzima amewekwa "ji" mara mbili, mbele na nyuma!

Kwa hiyo jimama ni mjukuu wa janajike. Bibi amezeeka, watu wengi hawamjui tena. Mjukuu ndiye anayetembea mitaani.

UBAYA HASA UKO WAPI?

Sasa turudi kwenye swali la yule mama: mimi ni mtu au ni gari?

Katika lugha yetu kila jina lina kundi lake. Makundi haya yanaitwa ngeli. Watu wapo katika kundi la "a" na "wa":

Mwalimu amekuja. Walimu wamekuja.
Mkulima amelima. Wakulima wamelima.

Vitu vingi vikubwa vimo katika kundi la "li" na "ya":

Gari limekuja. Magari yamekuja.
Jiwe limeanguka. Mawe yameanguka.
Jumba limebomoka. Majumba yamebomoka.

Kijana wa darasani hakusema, "Mama amekuja." Alisema, "Jimama limekuja." Kwa hiyo alifanya mambo mawili. Kwanza, aliweka "ji", akaukuza mwili. Pili, aliweka "li", akamtoa mama yule katika kundi la watu. Akampeleka kwenye kundi la magari, mawe na majumba.

Mama yule alikuwa na miezi michache tu darasani. Lakini alilisikia hilo "li" kuliko sisi tuliosomea ualimu.

Wengine watajitetea: "Mwalimu, hiyo ni sarufi tu. Neno likianza na ji, lazima lifuatwe na li." Si kweli. Hebu angalieni maneno haya: waziri, daktari, karani, jaji. Wakiwa wengi tunasema mawaziri, madaktari, makarani, majaji. Kwa umbo, maneno haya yanafanana na magari na majumba. Lakini je, nani amewahi kusema, "Waziri limefika mkutanoni"? Nani atasema, "Daktari limenichoma sindano"? Hakuna. Tunasema waziri amefika, daktari amenichoma sindano. Kwa nini? Kwa sababu tunajua kwamba huyo ni mtu, na mtu anapewa "a" yake.

Vivyo hivyo kiziwi na kipofu. Maneno hayo yanaanza na "ki" kama kiti na kisu. Lakini tunasema kipofu amefika. Hatusemi kipofu kimefika.

Kwa hiyo Kiswahili kimetuachia mlango wazi. Hata msemaji aliyekwisha kutamka "jimama" anaweza kumalizia, "jimama yule amekuja". Wapo wanaosema hivyo, na hapo ukali unapungua. Anayesema "limekuja" hakusukumwa na sarufi. Amechagua mwenyewe.

NDUGU ZAKE JIMAMA

Neno hili lina ndugu wengi. Tutaje wachache.

BONGE. Bonge ni kitu kilichoshikamana kikawa kikubwa: bonge la ugali, bonge la udongo, bonge la damu. Watu wakasema "bonge la mtu", yaani mtu aliyejazana kama bonge. Baadaye wakakata maneno, wakasema "bonge" tu. Mfupi mnene wakamwita "kibonge". Siku hizi vijana wamelipandisha cheo. Mchezaji akifunga vizuri wanasema, "Bonge la bao!" Kwa hiyo bonge linaweza kuwa sifa au dhihaka. Sikiliza sauti ya msemaji.

PANDE LA MTU. Hili tumeliona pale juu. Kipande kikiwa kikubwa ni pande. Pande la mtu ni mtu mkubwa wa mwili, awe mwanamume au mwanamke. Mara nyingi linatamkwa kwa mshangao tu, siyo kwa ubaya.

TIPWATIPWA. Huyu ni mtu mnene mno, mwenye nyama zilizolegea. Hakuna anayefurahi kuitwa hivyo.

KUNONA. Hapa tuwe waangalifu. Sisi wafugaji tunajua kwamba ng'ombe ananona na kondoo ananona. Mtu hanoni. Mtu ananenepa. Ukisema mama fulani amenona, umemwangalia kama mnunuzi mnadani.

KUWA NA MWILI, KUWA NA AFYA. Haya ndiyo maneno ya adabu. "Siku hizi una mwili." "Naona una afya." Watu wazima husema hivyo, na aliyeambiwa huelewa bila kuumia.

Na wanaume je? Mwanamume mkubwa wa mwili huitwa mtu wa miraba minne. Hapo anasifiwa nguvu, na yeye anatanua kifua. Mwanamke mwenye mwili huo huo, anayebeba ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni na jembe mkononi, anaitwa jimama na watu wanacheka. Nguvu ni zile zile. Tulifikirie jambo hilo, hasa sisi wanaume.

NENO LIMEANZA KUBADILIKA

Maneno hayatulii mahali pamoja. Jimama lilianza kwenye mwili. Leo, hasa mijini, limehamia kwenye mfuko. Watu wanasema, "Kijana yule anatunzwa na jimama." Hapo hawasemi tena juu ya unene. Wanasema juu ya mwanamke mtu mzima, mwenye fedha, anayeishi na kijana mdogo kuliko yeye. Wengine humwita shugamami.

Hii inaongeza hatari. Mama mnene, mke wa mtu, mwenye duka lake dogo na anayehudhuria ibada, akiitwa jimama hadharani, baadhi ya wasikilizaji wataelewa maana ya pili. Neno lililotupwa kwa ajili ya mwili linaangukia tabia. Ndoa zinaweza kuingia maneno kwa jambo kama hilo.

ZAMANI UNENE ULIKUWA HESHIMA

Msidhani kwamba mwanamke mnene alichekwa siku zote na mahali pote. Ng'ambo ya ziwa letu, katika nchi ya Karagwe, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Kagera, mambo yalikuwa kinyume kabisa.

Mwaka 1861 Mwingereza mmoja, John Hanning Speke, alifika huko akitafuta chanzo cha mto Nile. Mtawala wa Karagwe alikuwa Rumanika. Speke aliwakuta wanawake wa jamaa ya mtawala wakiwa wanene kupita kiasi. Walikuwa wakinyweshwa maziwa kwa wingi, tangu wangali wasichana. Unene ndio uliokuwa uzuri wao na alama ya ukoo wenye ng'ombe wengi. Baadhi yao walishindwa kusimama wenyewe.

Speke alimpima mmoja wao kwa utepe, akaandika katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1863. Urefu wa mama huyo ulikuwa futi 5 na inchi 8. Mzunguko wa mkono ulikuwa inchi 23. Mzunguko wa kifua ulikuwa inchi 52, yaani sentimeta 132. Chukueni utepe wa fundi cherehani muone ukubwa huo.

Pale Karagwe aliyechekwa alikuwa nani? Alikuwa mwembamba. Mwembamba maana yake hana ng'ombe, hana maziwa.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, jambo jingine likaja kutoka upande huo huo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Wakati huo majirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo Slim, maana yake wembamba, kwa sababu mgonjwa alikonda sana. Kuanzia hapo kukonda kukawa habari ya kutisha. Mtu akikonda kwa sababu ya kazi, au ya mawazo, majirani walianza kunong'ona. Wengi walitaka kunenepa ili waonekane wazima. Leo tunajua kwamba unene hauonyeshi kama mtu ana virusi au hana. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo, watu wengi wanaishi na virusi na miili yao ina nguvu. Kipimo ni damu, siyo macho ya jirani.

Tumeeleza haya ili tuone jambo moja. Mwili ni ule ule. Mahali pamoja ni heshima, pengine ni kicheko, pengine ni dalili ya uzima. Maana imo ndani ya vichwa vya watazamaji.

SASA, UNENE NA AFYA

Tukisema mtu mnene asitukanwe, hatusemi kwamba unene mwingi hauna madhara. Haya ni mambo mawili mbalimbali.

Unene ukizidi sana unaweza kuleta shinikizo la damu, ugonjwa wa kisukari, ugonjwa wa moyo na maumivu ya magoti. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 hadi 2016, kati ya kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Mijini walikuwa wengi kuliko vijijini.

Mnaweza kujipima wenyewe kwa hesabu mliyojifunza. Chukua uzito wako kwa kilo. Gawa kwa urefu wako kwa mita, kisha gawa tena kwa urefu huo huo. Mfano: mtu ana kilo 64 na urefu wa mita 1.60.

64 gawa kwa 1.60 ni 40.
40 gawa kwa 1.60 ni 25.

Jibu likiwa kati ya 18.5 na karibu 25, uzito ni wa kawaida. Likifika 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30 au zaidi, ni unene wa kuangaliwa na mganga. Likiwa chini ya 18.5, mtu amepungua mno. Hesabu hii haitumiki kwa mama mjamzito.

Tena jihadharini: KUNENEPA siyo KUVIMBA. Hapa neno likikosewa linaweza kuua. Mama mjamzito akivimba uso na mikono, huku kichwa kinamuuma sana au macho yanaona ukungu, msimwambie, "Umenawiri, utazaa jitoto!" Huyo hakunawiri. Hiyo ni dalili ya hatari. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, apimwe shinikizo la damu na mkojo.

Na mtoto mwenye kwashakoo anaweza kuonekana ana mashavu. Mbonyeze mguu kwa kidole gumba, hesabu polepole mpaka tatu, kisha achia. Shimo likibaki, hayo ni maji, siyo mafuta. Mpelekeni mtoto huyo zahanati mara moja. Nyumbani, maharage, dagaa, maziwa na mayai humkinga mtoto asifike hapo.

Ndiyo maana tunasema dhihaka haisaidii afya. Mama anayechekwa njiani hatakwenda kliniki kupimwa. Atajificha nyumbani. Akijificha, shinikizo la damu halitajulikana mpaka siku atakapoanguka. Mganga mwenye adabu humwambia, "Mama, uzito wako umezidi kidogo. Tuone tutafanyaje." Mama huyo atarudi tena.

BASI TUSEMEJE?

Wapo watakaosema, "Mwalimu, mnataka kutunyima utani." La hasha. Utani ni mali yetu. Bibi na mjukuu wanataniana. Mashemeji wanataniana. Makabila yenye utani yanataniana hata msibani. Lakini utani una wenyewe, na una mahali pake. Mtani wako anakutania na wewe unamrudishia. Kijana asiye mjukuu wako wala shemeji yako, anayekuita jimama mbele ya darasa, huyo siyo mtani. Amekukosea adabu.

Tena maneno yanaweza kubadilishwa tukitaka. Zamani watu walisema "kilema". Baadaye wakasema "mlemavu". Leo tunasema "mtu mwenye ulemavu". Tumemrudisha katika kundi la watu. Neno hili halikubadilika lenyewe. Watu walikaa wakafikiri.

Nanyi wasomaji wetu mnayajua haya kuliko wengine. Kabla hamjajua kusoma, wengi wenu mliitwa mbumbumbu. Mlipokwenda kuweka dole gumba badala ya sahihi, karani alicheka. Je, kicheko kile kilikufundisha herufi hata moja? Kilichokufundisha ni mtu aliyekuita "mama" au "baba", akakushika mkono, akakuonyesha a, e, i, o, u.

Ukitaka kumtaja mwanamke mwenye mwili mkubwa, mtaje kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo desturi yetu: Mama Fulani. Kama ni lazima kueleza umbo lake, sema, "yule mama mnene" au "yule mama mwenye mwili". Hapo umesema kweli na hukumtoa katika kundi la watu.

Mama yule wa Issenye alirudi darasani. Hatukumbembeleza sana. Alisema hawezi kuacha kisomo nusu kwa sababu ya kijana mmoja. Siku aliyorudi tulimpa chaki aandike sentensi yoyote ubaoni. Aliandika: "Mama amekuja." Tulimuuliza darasa lisome. Wakasoma wote pamoja, na yule kijana naye akasoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja maneno matano yenye "ji" ya ukubwa. Yapi ni ya sifa na yapi ni ya dharau?

2. Kwa nini "mama mkubwa" na "jimama" si kitu kimoja?

3. Sahihisha sentensi hii: "Zee lile limeketi chini ya mti." Eleza kwa nini umesahihisha.

4. Katika lugha ya nyumbani kwenu, mwanamke mwenye mwili mkubwa anaitwaje? Neno hilo limejengwaje? Waulizeni wazee.

5. Mama ana kilo 77 na urefu wa mita 1.60. Fanya ile hesabu. Je, angeshauriwa nini, na ashauriwe kwa maneno gani?

6. Mama mjamzito amevimba uso na kichwa kinamuuma. Majirani wanasema amenawiri. Wewe utafanya nini?